Mpango wa Mungu na Breki za Lori

Tarehe 7 Juni 2025, lori lililokuwa likiteremka Mlima Iwambi jijini Mbeya lilimshinda dereva wake. Taarifa za mwanzo za mamlaka zilitaja breki. Lori hilo liligonga basi dogo la abiria, na magari yakaishia Mto Mbalizi. Watu 28 walikufa.

Kwenye misiba ya namna hii, iwe Mbeya au Nakuru, kuna maneno yanayosemwa hata kabla kaburi halijafukiwa. Siku yao ilikuwa imefika. Kazi ya Mungu haina makosa. Ajali haina kinga. Mama aliyempoteza mwanawe huyashika maneno hayo kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini yapo mazishi ambako maneno hayohayo husemwa pia na mtu mwingine aliyesimama nyuma kidogo ya waombolezaji: mwenye gari. Husemwa na mkaguzi aliyelipitisha gari bovu. Wakati mwingine husemwa na dereva mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Neno lililo faraja kinywani mwa mfiwa, je, linabaki kuwa imani likitoka kinywani mwa mtu aliyejua kwamba breki zimekwisha?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Linakaa ndani ya kabini ya kila lori linalopita milimani, na ili kulielewa ni lazima kwanza kuuelewa mteremko wenyewe.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa hukutana na Kitonga baada ya kuipita Ruaha Mbuyuni, nchi ya mibuyu na magunia ya vitunguu yaliyopangwa kando ya barabara. Bondeni kuna joto. Kisha barabara inaanza kuparamia milima kwa kona zilizobanana, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka hewa inapogeuka kuwa ya baridi kuelekea Ilula na Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hii ndiyo barabara ya TANZAM. Ilijengwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, njia ya kusini ikawa ya mashaka kwa Zambia, nchi isiyo na bahari, na shaba na mafuta yakalazimika kupita Tanzania. Madereva wa miaka ile waliipita ikiwa vumbi kiangazi na matope masika, na ikapewa jina la njia ya jehanamu. Leo ni lami. Malori yenye shaba ya Kongo na Zambia, mafuta, mbolea na saruji hupishana humo usiku na mchana, na lori moja likiharibikia kwenye kona, foleni hunyooka kwa saa nyingi, abiria wakishuka kunyoosha miguu huku nyani wakiwatazama kutoka kwenye kingo.

Kupanda Kitonga huchosha gari. Kushuka ndiko kunakoua. Lori lenye uzito wa tani 56, ambao ndio ukomo uliowekwa na sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, likishuka kimo cha mita 500 huachia nishati ambayo, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 800 za maji baridi. Nishati hiyo haipotei kwa dua wala kwa laana. Ni lazima iende mahali. Dereva akiwa kwenye gia nzito, injini hubeba sehemu kubwa ya kazi, ikisaidiwa na breki ya eksozi. Akiwa kwenye gia nyepesi, au ameliachia gari liende frii, mzigo wote huangukia dramu na lainingi za magurudumu. Dramu ya chuma ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi iliyopaswa kuikaba, na lainingi nayo ikizidiwa na joto hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga. Upepo upo, geji inaonyesha sawasawa, pedali inazama chini ya mguu, na gari haliitiki.

Ndiyo maana madereva wakongwe humfundisha utingo wao jambo hili mapema kuliko mengine: mlima unashukwa kwa gia ileile uliyopandiwa, na gia hiyo inaingizwa kileleni, gari lingali linatii. Lori likishachukua kasi, gia nzito haikubali tena kuingia. Kwa hiyo uamuzi wa kufa au kupona, mara nyingi, hufanyika dakika kadhaa kabla ya hatari kuonekana. Wengine huufanya siku kadhaa kabla, yadi, wakati fundi anaposema lainingi zimeisha na mtu fulani anajibu kwamba zitasukuma safari moja zaidi.

Hapa ndipo dini inapoingia kwenye kabini, na inaingia kwa heshima zake zote. Dereva Mwislamu hupiga bismillahi na kusoma dua ya kupanda chombo, ile iliyotoka katika Surat Az-Zukhruf, ambamo msafiri anakiri kwamba aliyekitiisha chombo ni Mola, kwamba yeye mwenyewe asingekimudu, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola huyohuyo. Dereva Mkristo hupiga ishara ya msalaba, rozari ikining'inia kwenye kioo. Nyuma ya matela kumeandikwa majina ya Mungu, shukrani kwa mama, maombi ya kufika salama. Nchini Kenya, kando ya barabara inayoshuka Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, lipo kanisa dogo la Kikatoliki lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Wafungwa hao ndio waliotumikishwa kuijenga barabara yenyewe. Mikono ileile iliyopanga mawe ya kuzuia lami isiporomoke ndiyo iliyopanga mawe ya kanisa, na hadi leo wapo wasafiri wanaosimama pale wakasali kabla ya kuendelea.

Kuwacheka watu hawa ni upumbavu. Mtu anayeshikilia usukani wa tani 56 juu ya korongo, usiku, ukungu ukiwa umetanda, anajua jambo ambalo wengi wanaoishi kwenye tambarare hulisahau: kwamba uhai wake unategemea mambo mengi asiyoyatawala. Gari linalokuja mbele yake lina dereva aliyelala au hakulala. Mvua imeosha ukingo wa barabara au haikuosha. Dua ya kupanda chombo inasema kweli tupu kuhusu hali hiyo. Tena ni dua ya mtu mwenye unyenyekevu, maana anayekiri kwamba chombo ni cha kutiishwa na Mungu anakiri pia kwamba amekabidhiwa amana, na amana huangaliwa.

Hapo ndipo maneno ya msibani yanapoanza kuachana na dini yenyewe. Dini hizi mbili kubwa za Afrika Mashariki zinaamini katika qadari na katika mapenzi ya Mungu, na kila moja imetumia karne nyingi kueleza kwa nini imani hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuacha ngamia wake bila kufungwa. Hadithi ya ngamia, iliyopokewa na Tirmidhi, inajulikana na kila mtoto wa madrasa: mtu alimuuliza Mtume kama amwache mnyama wake na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Iko habari nyingine isiyosimuliwa mara nyingi, nayo ina uzito zaidi. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko mbele. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, sahaba mkubwa na jemadari, akamkabili: vipi, unaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba wanaikimbia qadari moja kuelekea qadari nyingine ya Mungu huyohuyo, akamtolea mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, moja ya malisho mabichi na moja kavu. Popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa qadari ya Mungu. Hilo halimwondolei kazi ya kuchagua upande.

Mfano huo wa bonde ungeeleweka upesi Ruaha Mbuyuni. Kuingiza gia nzito kileleni ni qadari. Kuliachia gari frii ni qadari. Hakuna kati ya hayo mawili linalotoka nje ya elimu ya Mungu, na kwa sababu hiyohiyo qadari haiwezi kutumika kumtetea aliyechagua la pili. Katika karne za mwanzo za Uislamu walikuwepo waliodai kwamba binadamu hana hiari yoyote, akisukumwa tu na majaliwa. Waliitwa Jabriya, na wanazuoni walio wengi waliwakataa. Hata hivyo fikra yao ingali hai. Inaishi katika yadi za malori, ikiwa imevaa kanzu ya uchamungu.

Biblia nayo ina mifano inayofaa mlimani kuliko inavyodhaniwa. Katika Injili ya Luka, Yesu anapewa habari za watu waliouawa, naye anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Hilo linafunga mlango mmoja ambao watu hupenda kuupitia, ule wa kutafuta dhambi za marehemu. Lakini mlango wa wajibu unabaki wazi, na Torati inauingia bila kuzunguka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaamuru anayejenga nyumba aizungushie dari ukuta mdogo, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Kutoka, sura ya 21, inazungumzia ng'ombe dume aliyeua mtu kwa pembe. Kama hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Kama ng'ombe alikuwa na mazoea ya kupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuonywa, asimfunge, basi mwenyewe anabeba damu.

Sheria hiyo ya wafugaji wa kale inaweza kusomwa leo kwenye yadi yoyote ya usafirishaji, mstari kwa mstari. Alikwisha kuonywa? Nani alimwonya? Lini? Fundi alisema nini? Dereva aliandika nini kwenye kitabu cha gari? Mwandishi wa Kutoka hakuhangaika kama Mungu aliruhusu kifo kile. Alihangaika na kumbukumbu za mwenye ng'ombe.

Lakini waumini wengi wana swali jingine, na maswali ya breki hayalijibu. Kwa nini yeye? Kwa nini basi lile na si lililotangulia kwa dakika mbili? E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, watu wanaoishi pande za Sudan Kusini na Kongo. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaua watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, na kwamba watu walikaa pale kukwepa jua. Wanachouliza ni kwa nini nguzo zilikatika saa ileile watu hao walipokuwa chini yake, na jibu lao ni uchawi. Barabarani Afrika Mashariki jibu hilo limepewa sura nyingi: mkono wa mtu, jini la kona, mlima unaodai damu kila mwaka. Maeneo yenye ajali za mfululizo hufanyiwa maombi na matambiko, na viongozi wa dini na wazee wa mila husimama kando ya lami kutakasa mahali.

Swali la kwa nini yeye ni swali halali, na huenda halina jibu upande huu wa kaburi. Hatari yake ni kwamba linapoachwa litawale peke yake, mchwa wanasahauliwa.

Mfano mzuri uko kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kipande cha Salgaa, Migaa na Sachangwan. Kwa miaka mingi mteremko huo ulizungumzwa kama mahali palipolaaniwa. Malori yanayotoka Uganda na magharibi mwa Kenya yalishuka hapo kwa kasi, mengi yakiwa yameachiwa frii, na barabara ilikuwa moja, wanaopanda na wanaoshuka wakitenganishwa na mstari wa rangi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso hapo Migaa, wakafa watu zaidi ya 30. Baada ya msiba huo, mamlaka ya barabara kuu ya Kenya ilitenganisha wanaopanda na wanaoshuka kwenye mteremko huo kwa ukuta wa zege, kila upande ukapata njia zake. Migongano ya uso kwa uso iliyokuwa ikiua watu kwa makumi ikapungua mno. Mlima ni uleule. Kama palikuwa na jini, liliheshimu zege.

Mtu mwenye imani hana sababu ya kuogopa ushahidi huo. Unamwambia kwamba siku za kuishi za maelfu ya wasafiri zilikuwa mikononi mwa Mungu, na Mungu aliziweka, kwa sehemu, mikononi mwa wahandisi na watu wanaopitisha bajeti. Zege lilichelewa. Kuchelewa huko kulikuwa ni kitendo cha watu.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijibizana kuhusu jambo walilolipa jina la bahati katika maadili, na wote wawili, kwa namna ya kushangaza, waliingiza dereva wa lori kwenye hoja zao. Dereva wa Williams hana kosa lolote. Mtoto anakatiza ghafla, anagongwa, anakufa. Walio karibu watamfariji dereva na kumwambia si kosa lake, na watakuwa wanasema kweli. Lakini kama dereva huyo angekubali faraja hiyo upesi mno, akaondoka akiwa mwepesi, kila mmoja angehisi kwamba kuna kitu kimepungua katika utu wake. Yeye si mtazamaji wa kifo kile. Mikono ilikuwa yake.

Dereva wa Nagel ana kosa dogo: hakukagua breki zake kwa muda. Siku mtoto akikatiza na breki zikachelewa, dereva huyu atajihesabu muuaji maisha yake yote. Lakini yuko mwenzake mwenye uzembe uleule, breki zilezile zilizopuuzwa, ambaye hakukatiwa njia na mtoto yeyote. Huyo wa pili anafika nyumbani, anakula, analala. Kosa lao ni moja. Hatima zao hazifanani hata kidogo, na kilichowatenganisha ni kitu ambacho hakuna kati yao aliyekitawala.

Hoja hii inachoma kwa sababu inaeleza biashara nzima ya usafirishaji wa milimani. Kwa kila lori linaloshindwa breki na kuua, yako malori mengi yaliyoshuka mlima uleule na breki mbovu vilevile yakafika. Wenye malori hayo humshukuru Mungu, na kushukuru ni jambo jema. Lakini shukrani ya namna hiyo ikirudiwa safari baada ya safari huanza kugeuka kuwa ushahidi wa uongo: gari limefika mara nyingi, kwa hiyo gari ni zima. Rehema inahesabiwa kama cheti cha ukaguzi. Mtu anayeishi hivyo, hata kama hajaua, amekwisha kutenda sehemu yake ya kosa. Kilichosalia ni mtoto kukatiza. Hapa falsafa ya Nagel na sheria ya ng'ombe wa Torati zinakutana, kwa kuwa zote zinairudisha hukumu nyuma, kutoka mtoni hadi siku ile onyo lilipotolewa.

Na mara hukumu ikirudishwa nyuma, dereva hayuko tena peke yake kizimbani. Ni yeye anayekamatwa, kama amebaki hai. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ambayo ni ya mwaka 1973, inakataza gari bovu kuwekwa barabarani, lakini mtu anayeonekana eneo la tukio ni yule mwenye usukani. Nyuma yake wapo wengi. Yuko tajiri anayelipa kwa safari, ili anayelala afike baadaye na apate kidogo. Yuko msimamizi wa mzigo anayepiga simu usiku kuuliza umefika wapi. Liko suala la mafuta, ambalo halizungumzwi vya kutosha kwenye mimbari: dereva anayepewa kiasi maalumu cha dizeli na mshahara mdogo hushawishika kulishusha gari frii ili alichookoa akiuze. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kwenye injini za kisasa hesabu hiyo ni ya uongo. Gari likiteremka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umetolewa kwenye mafuta, mfumo hukata dizeli kabisa. Likiwa frii, injini huendelea kunywa ili isizimike. Watu wamehatarisha maisha yao na ya wengine kwa akiba ambayo haikuwepo.

Nje ya kabini wapo wengine zaidi. Tarehe 30 Juni 2023, katika njiapanda ya Londiani nchini Kenya, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo na kuwavamia wachuuzi, waendesha bodaboda na matatu zilizosimama kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Baadaye serikali ikaagiza masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Kila aliyepita Londiani kabla ya siku hiyo aliwaona wachuuzi pale, maofisa wa serikali wakiwemo. Soko lililokaa kwenye njia ya malori lilikuwa nguzo iliyoliwa na mchwa, mbele ya macho ya wote.

Kusema hivi si kumsafisha dereva. Anayeendesha amelewa, au anayepita gari jingine kwenye kona ya Kitonga asiyoona mbele yake, hana wa kumsingizia. Lakini iko dhuluma katika desturi ya kumtupia Mungu lawama yote msibani, kisha kumtupia dereva yote mahakamani, huku wale wa katikati wakipita bila kuguswa.

Uislamu una hukumu juu ya jambo hili ambayo inastahili kufikiriwa hata na wasio Waislamu. Surat An-Nisa, aya ya 92, inazungumzia anayemuua muumini kwa bahati mbaya, bila kukusudia. Haimwiti muuaji wa kusudi. Haimwambii pia aende zake kwa sababu Mungu amepanga. Inamtaka ailipe diya familia ya marehemu, isipokuwa wakisamehe, na amkomboe mtumwa. Asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Tafakari miezi miwili ya saumu ya mtu ambaye hakukusudia. Ndani yake kuna kitu alichokiona Williams kwa njia ya falsafa: kwamba mikono iliyoua bila kutaka inahitaji kazi ya kufanya. Familia inapata haki yake. Na dereva, ambaye pengine kila usiku anasikia tena kishindo kile, anapata njia ya kutembea badala ya kubaki amesimama pale ajali ilipotokea.

Kitu cha namna hiyo hakipo kwa madereva wengi wa leo. Anayenusurika mlimani hupewa moja ya mambo mawili: kifungo, au lori jingine wiki inayofuata. Hakuna anayemuuliza alikanyaga pedali mara ngapi kabla ya kujua kwamba gari haliitiki. Ni makosa ya kidini kumwambia mtu huyo kwamba yote yalipangwa. Maneno hayo yanamnyima toba kama alikosea, na kama hakukosea yanamfanya chombo cha mauaji kilichotumiwa na Mungu. Hakuna kati ya hayo anayoweza kulala nayo.

Wachungaji, mapadri na masheikh ndio wanaosikilizwa kuliko trafiki wote wa nchi. Wanaposimama mbele ya majeneza wana nafasi ambayo hakuna waziri anayeipata, na wengi wao huitumia kufariji tu. Wafariji. Kisha, arobaini au misa ya kumbukumbu inapofika, waulize hadharani: gari lile lilikaguliwa lini, na nani, na aliyesema lainingi zimeisha alijibiwa nini? Mhubiri anayewaita wenye malori kutoa sadaka awaulize pia juu ya breki, maana sadaka iliyotokana na safari ya gari bovu ina damu ya jirani ndani yake hata kama hakuna aliyekufa safari hiyo.

Serikali nazo zina saumu yao. Milima inayojulikana kwa majina, Kitonga, Sekenke, Iwambi, inahitaji mambo ambayo nchi nyingine za milima zimeyazoea: mahali pa lazima pa kusimama na kukagua breki kileleni, njia za kando zilizojazwa mchanga au changarawe za kulipokea lori lililoshindwa, na wanaopanda kutenganishwa na wanaoshuka. Jijini Mbeya kazi ya kuipanua barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ilianza kabla ya msiba wa Iwambi. Watu 28 wa Mto Mbalizi waliipita ikiwa haijakamilika. Imalizwe, na kila mwenye lori linalolala yadi usiku huu afungue dramu za magurudumu yake kabla hajalituma mlimani.